Mahindi Yanayomwita Adui

Umande haujakauka bado huko Kafutuma. Yolande anapita katikati ya mahindi, anainama, anang'oa, anainama tena. Upepo unavuma kutoka ziwani, lakini mahindi hayatikisiki. Yamejikunja, yamekuwa manjano, kana kwamba kuna kinywa chini kinachoyanyonya. Miguuni pake vimesimama vijiua vya zambarau, vizuri ajabu.

Ni kiduha, gugu linalojishikiza kwenye mizizi ya mahindi na kula huko huko gizani.

Yolande alikimbia vita Pweto, Kongo. Hapa Kafutuma, ng'ambo ya mpaka, alikuwa kibarua wa kupalilia, akilipwa muhogo. Kisha majirani wakagundua jambo: kila shamba alilopalilia, msimu uliofuata lilichanua zambarau.

"Gustave alikuya na bantu ku mulango," anasimulia, akimtaja mzee mmoja mwenye shamba. "Aliniambia: 'Mama, weye uko mulozi. Kwenye unapita, mahindi inakufa.' Hata miye nilianza kujiogopa."

Baada ya kuitwa mchawi, hakuitwa tena kazini. Wanawake walibadili njia wakimwona, na wanawe wakalala na njaa.

Aliyemfuata ni Kingsley, bwana shamba wa eneo hilo. Alimwonyesha mbegu za kiduha, ndogo kama vumbi. Alimweleza kwamba hulala ardhini miaka na miaka, zikingoja mizizi ya mahindi itoe homoni yake, ile ile inayouamuru mmea utoe matawi au usitoe. Udongo ukichoka, mizizi huitoa kwa wingi ili kuita kuvu inayoisaidia kupata chakula. Kiduha nacho husikia mwito huo, kikaamka.

"Kumbe mahindi yenyewe inaita mwenye kuiua," anasema Yolande.

Kisha Kingsley akaligeuza jembe la Yolande. Tope lililogandia lilikuwa limejaa vumbi lile lile.

"Gustave hakusema bongo yote," anasema Yolande, akikiri kwamba haukuwa uongo mtupu. "Ni miye nilikuwa naitembeza, bila kujua."

Angeweza kunyamaza. Badala yake alibeba jembe hadi kwa Gustave, akamweleza yote. Mzee huyo alilitazama, asiliguse.

"Sasa tufanye namna gani?" akauliza.

Jibu walilopewa na Kingsley ni karanga. Mizizi yake pia hukiamsha kiduha, lakini hakiwezi kuinyonya. Kiduha hufa kabla ya kutokeza juu. Gustave amemwachia Yolande nusu ya shamba lake ajaribu karanga mvua zijazo.

"Iamuke, ikose kwenye kukamata," anasema Yolande. "Na bantu baanze tena kuniita na jina yangu."