Paa la Kanisa la Moonta

Glenys Trezise alikuwa mtu wa kinyongo, na hakujisumbua kukificha. Watu wengi huweka kinyongo wiki moja mbili, kisha wakachoka. Yeye alikilea, na kila siku saa nne asubuhi, maabara nzima ilipokusanyika kunywa chai, alikitazama usoni: Profesa Mervyn Calder, amesimama dirishani na kikombe chake, akisimulia habari za kipima mionzi kama kwamba ndiye aliyekibuni.

Glenys alizaliwa Port Pirie, Australia Kusini, mji unaoyeyusha risasi. Nasema risasi ya tanuruni, hiyo metali nzito laini, si ya bunduki. Baba yake, Clarrie, aliitumikia tanuru tangu ujana wake mpaka mgongo ulipokataa. Glenys alikuwa na kichwa cha hesabu. Akapata nafasi chuo kikuu Adelaide, akaingia fizikia ya nyuklia, enzi ambazo msichana akionekana mlangoni pa darasa hilo aliulizwa kama amepotea akitafuta darasa la upishi.

Kazi aliyoipenda ilikuwa ya kusikiliza. Kila kitu hutoa mionzi kidogo: ukuta, udongo, ndizi, hata mifupa ya mtu. Anayetaka kusikia mnong'ono wa atomi moja adimu lazima kwanza azime kelele hizo zote, ndiyo maana kipima mionzi huzungushiwa ukuta wa risasi. Lakini risasi nayo ina kelele zake. Ikitoka tanuruni ikiwa mpya huwa na chembe ndani yake zinazotoa mionzi, na chembe hizo hufa polepole, kizazi baada ya kizazi. Inayofaa ni risasi kongwe, iliyokaa mahali mpaka ikanyamaza.

Clarrie ndiye aliyeipata. Huko Moonta kulikuwa na kanisa la wachimba shaba waliotoka Cornwall, ng'ambo, karibu miaka mia nyuma, na sasa lilikuwa linavunjwa. Mifereji na kingo za paa lake zilikuwa za risasi. Mzee akakodi lori, akaileta yote nyumbani, na baba na binti wakaiyeyusha uani na kuimimina matofali.

"Maisha yangu yote natengeneza risasi mpya," Clarrie alisema, akifuta jasho, "leo mwanangu mwenyewe ananiambia mpya haifai. Hivi huko mnafundishwa nini?"

"Kusikiliza, baba."

"Mama yako angefurahi kusikia. Nyumba hii hakuna aliyewahi kumsikiliza."

Matofali yalitoka meusi, yenye makovu, mabaya kuyaangalia. Glenys aliyajenga kuzunguka kipima mionzi chake, na kelele zikakatika kabisa. Wageni walikuja kutoka ng'ambo kuona chombo kilichokuwa kimya namna ile. Mwaka uliofuata Calder akachapisha makala kukieleza, ikiwa na jina lake peke yake. Mwishoni kabisa alimshukuru Bi Trezise kwa kusaidia kazi za maabara. Makala hiyo ndiyo iliyompa uprofesa.

Glenys alimfuata ofisini, akamtolea uvivu. Calder alicheka bila hata kuinuka kitini.

"Glenys, siku si nyingi utaolewa. Jina lenyewe utalibadilisha. Utalifanyia nini kwenye makala?"

Hakuolewa. Sisemi ni kwa sababu ya maneno yale, ila siku hiyo alitoka ofisini akiwa na jambo moja tu moyoni: atamvua nguo mtu huyu mbele ya watu anaowaogopa. Alipata nafasi za kwenda kufanya kazi kwingine, zote akazikataa. Huwezi kumvizia mtu ukiwa mbali naye.

Clarrie alipofariki, Glenys alikwenda Pirie kuzika na kuisafisha nyumba. Alikuwa huko bado wakati waziri alipotangaza kwamba ataitembelea maabara. Calder akakitazama kipima mionzi na ule ukuta wake mweusi, akaona haya, akasahau kilichoufanya ukuta huo ufae. Akaagiza matofali mapya ya risasi, yanayong'aa, akamwambia fundi wa karakana, Stan Kubiak, aondoe takataka ile.

Glenys aliporudi alisimama mbele ya ukuta ule unaometameta, akamwita Stan.

"Ya zamani yako wapi?"

Stan alikuwa Mpoland mwenye mikono mikubwa na aibu ndogo, lakini siku hiyo aliangalia sakafu. "Aliniambia nitupe. Mimi kutupa kitu kizuri siwezi. Nimeyeyusha kiasi, mimi na wenzangu tunaovua samaki gati la Semaphore, tukatengeneza vizito vya ndoano. Yaliyobaki nimeyaweka chini ya nyumba."

"Baba aliyamimina kwa mkono wake, Stan."

"Sikujua, dada. Kama kofi litasaidia, shavu hili hapa."

"Wewe sina ugomvi nawe."

Haikupita miezi mingi, saa nne, kwenye chai, Calder aligonga kikombe kwa kijiko. Uso ulikuwa umemwiva kwa furaha. Amepima sampuli ya madini kutoka kaskazini, alisema, na ndani yake ameona mionzi dhaifu ambayo hakuna mtu duniani amewahi kuiona. Ameondoa kelele zote, akabaki na kilima kidogo safi kwenye mchoro. Watu wakapiga makofi, wakamtania kwamba sasa atalazimika kununua suti ya kupokelea tuzo.

Glenys alikuwa ameshika biskuti. Aliuliza swali moja tu, kwa upole: "Kelele umeziondoa kwa kipimo kipi?"

"Chako, mpenzi. Kile cha zamani. Kuna kizuri kuliko hicho?"

Biskuti ikamkatikia mkononi. Kipimo chake cha kelele alikichukua ndani ya ukuta mweusi, wakati hakuna sampuli. Calder alikuwa amepima sampuli ndani ya ukuta mpya, kisha akatoa kelele za ukuta wa zamani. Kilichobaki, hicho kilima chake kizuri, kilikuwa sauti ya risasi mpya. Alikuwa amejivumbulia matofali yake mwenyewe.

Alimweleza Stan peke yake, karakanani, na Stan aliacha kupiga tupa.

"Basi mwambie."

"Kwa nini?"

"Kwa sababu ni uongo na wewe unajua."

"Atautangaza mkutanoni Melbourne. Watakuwapo wakubwa wote. Nitainuka nimuulize swali moja."

"Ukinyamaza mpaka Melbourne, na wewe umo," Stan alisema. "Usije ukasema sikukwambia."

"Aliyatupa matofali ya baba yangu ili waziri asione weusi. Mwache apande, Stan. Akiwa chini ataumia nini?"

Alinyamaza majira yote ya baridi. Alikunywa chai, alicheka palipohitaji kucheka, alimsaidia Calder kunyoosha michoro yake. Nisikufiche, alikuwa na furaha. Wenzake walisema amependeza, wakauliza kama amepata mchumba.

Melbourne, mlangoni pa ukumbi, waligawiwa vijitabu vyenye muhtasari wa kila mada. Glenys alikitia chake mkobani bila kukifungua, maana mada ya Calder aliijua kwa moyo. Akakaa safu ya tatu, miguu pamoja, swali lake limekaa tayari ulimini.

Taa zikazimwa. Picha ya kwanza ikaangaza ukutani, na juu yake majina mawili. La kwanza lilikuwa G. M. Trezise. La Calder lilikuwa la pili.

"Kabla sijaanza," Calder alisema, na sauti yake ilikuwa ya mtu aliyejizoeza, "kazi hii isingewezekana bila kipimo cha kelele cha mwenzangu, Glenys Trezise. Nilipaswa kumtaja zamani sana. Sikumtaja, na nimezeeka nikilijua hilo. Makala imeshakwenda kuchapishwa hivi hivi, jina lake mbele. Glenys, tafadhali simama."

Wakapiga makofi. Alisimama kwa sababu magoti yalimsimamisha. Watu aliowasoma tangu akiwa mwanafunzi walikuwa wamegeuka kumtazama, na mmoja wao, bingwa mwenye mvi, alimwinamishia kichwa. Kile alichokililia miaka yote kilikuwa kimeandikwa ukutani kwa herufi kubwa. Alichotakiwa kufanya ni kukaa.

Makofi yakaisha. Hakukaa.

"Profesa," alisema, "nilipochukua kipimo hicho, ukuta ulikuwa wa risasi gani?"

"Ule wako," Calder alijibu, bado akitabasamu. "Ule mweusi."

"Na sampuli umeipima ndani ya upi?"

Mpe haki yake: alikuwa mwanafizikia kweli. Hakuhitaji kuelezwa zaidi. Tabasamu lilibaki mdomoni wakati macho yameshaondoka, na ukumbini, mmoja baada ya mwingine, wale wanaojua risasi wakaanza kuelewa. Mtu alikohoa. Calder aliishika meza.

"Umejua tangu lini?" aliuliza taratibu, lakini kipaza sauti kilikuwa wazi.

"Tangu siku ile ulipotutangazia kwenye chai."

Hapo ndipo vichwa vyote vilipogeuka tena kumtazama yeye, na safari hii bingwa mwenye mvi hakuinamisha kichwa.

Calder aliachia uprofesa kabla mwaka haujaisha. Glenys hakufukuzwa, ila hakuna aliyetaka kufanya naye kazi. Nani atakaa maabara moja na mtu anayeona kosa akalitunza? Alimalizia kazi yake katika vyumba vya chini vya hospitali, akipima beji za wauguzi wa eksirei, zile zinazoonyesha wamepata mionzi kiasi gani. Makala ilichapishwa ng'ambo kama ilivyopangwa, kisha ikakanushwa. Hadi leo, ukitafuta jina lake maktabani, ni hiyo moja tu inayoanza nalo.

Alipostaafu alizoea kwenda gatini Semaphore na Stan kuvua, wakitumia vile vizito vya risasi ya Moonta. Siku moja Stan, aliyekuwa amebeba swali moja muda mrefu, alimuuliza kama wakati ule wa Melbourne ungerudi, makofi yakiisha angekaa.

"Nisingekaa," Glenys alisema.

"Basi mbona unakuwa na uso huo kila tukilitaja?"

Glenys alirusha uzi, akausikiliza mpaka kizito kilipogusa chini.

"Kwa sababu alinishukuru kwanza," alisema. "Hata kisasi changu, Stan, alinipora nusu."