Vichupa Kumi vya Wifi

Mume wangu aliishi kwa soda miaka kumi na minane. Hakuwa wa kukaa kaunta. Alikuwa msimamizi wa usambazaji, mtu wa kuamua gari lipi lipite njia ipi na lishushe kreti ngapi kwa nani. Mtaani walimwita Bwana Soda. Ukitaka kumchokoza, umwambie kuna kioski kimeishiwa. Angeacha chakula mezani akapige simu.

Aliyemtoa huko ni dada yake. Wifi yangu ni muuguzi, tena peke yake, kwenye zahanati ya mwisho wa barabara ya vumbi. Ndiye aliyemlea mdogo wake wazazi walipofariki, kwa hiyo yeye akikohoa, mume wangu anasimama. Siku moja alikuja kwetu na daftari lake la dawa, akalifungua mezani kati ya vikombe.

"Soda yako inafika kwangu kila Jumanne, mdogo wangu, mvua inyeshe isinyeshe," alisema. "Dawa inafika ikijisikia. Hebu nieleze."

Mume wangu alilisoma daftari lile ukurasa kwa ukurasa. Wizara ilipoanzisha kitengo cha ubunifu wa afya na kutafuta watu waliotoka kwenye biashara, aliomba, akapata. Mshahara ulipungua nami nilinuna wiki nzima, sifichi. Yeye alikuwa na furaha ya bwana harusi. Alinunua hata tai.

Alitengeneza mfumo wa kuagiza dawa kwa simu. Muuguzi anaandika anachohitaji, gari linapangiwa safari. Na kanuni ya safari aliileta moja kwa moja kutoka kwenye soda: wanaoagiza kingi wafikiwe kila mwezi, wanaoagiza kidogo wasubiri mpaka gari lipate mzigo wa kutosha kwenda upande wao. Ofisini walimpigia makofi. Kwenye soda, anayeagiza kidogo ni anayeuza kidogo, na hakuna anayekufia mikononi kwa kukosa soda.

Jambo ambalo Bwana Soda hakulijua, na kila muuguzi analijua, ni kwamba serikalini watu huomba ishirini ili wapate kumi. Wamezoea kupunguziwa. Wifi yangu hakuwahi kufanya hivyo. Kila mwezi aliomba vichupa kumi vya sindano ya kuzuia damu kwa mama aliyejifungua, kwa sababu alitumia kumi. "Kikiharibika kwenye friji yangu," alikuwa akisema, "kuna mwenzangu amekikosa." Mfumo ukamwona mtu mdogo, ukamweka mwisho wa foleni.

Mwezi wa pili bila gari alimpigia mdogo wake. Ilikuwa Jumapili, nilikuwa karibu, nilisikia.

"Dada, weka kwenye mfumo."

"Nimeweka. Nimeweka kumi."

"Basi vuta subira, mzigo ukitimia gari litakuja."

Alhamisi akapiga simu yangu. Mume wangu alikuwa akijiandaa kuwaonyesha wakubwa kazi yake, na mimi, kwa kujifanya mke mwema, nikamwambia, "Wifi, mwache kidogo, wiki hii ana mambo mengi." Akasema sawa, akaagiza niwasalimie watoto, akakata. Sijaisahau ile sawa yake. Ningeweza kuingia chumbani nikampa mume wangu simu, hatua sita tu.

Jumatatu mshonaji aliyekuwa akimshonea wifi sare za kazi alijifungua mtoto wa kike, damu ikakataa kukata. Friji ilikuwa tupu. Wifi alimkandamiza tumbo kwa mikono yake wakisubiri gari la wagonjwa, na gari lilipofika hapakuwa na wa kupakia. Mtoto alipona.

Jumamosi iliyofuata alikuja kwetu. Nilidhani atafoka, na nilitamani afoke. Alikaa ukingoni mwa kiti na mkoba mapajani, akamtazama mume wangu.

"Ungeniambia tu, mdogo wangu, kwamba inabidi nidanganye."

Mume wangu alilia mbele yangu, jambo ambalo hakulifanya hata tulipomzika mama yangu. Nami nilijificha jikoni nikajidai naosha vyombo.

Kuibadilisha kanuni ile kulimchukua miezi minne. Wakubwa walishaisifia, na mtu akishasifia kitu hadharani hapendi kuambiwa kina walakini. Aliwasumbua mpaka wakachoka naye. Sasa kila zahanati inafikiwa kila mwezi, hata ikiagiza kichupa kimoja. Alimpigia dada yake siku hiyohiyo kumweleza. Dada yake akajibu, "Nimesikia, mdogo wangu. Hongera."

Mwezi ule agizo lake likaja: arobaini. Mwezi uliofuata, arobaini. Ofisini mkuu wa kitengo alimpongeza mume wangu kwamba ile zahanati iliyolala sasa imeamka. Mume wangu aliponisimulia hayo hakuweza kumaliza chai yake.

Mwishowe, baada ya miezi kadhaa, tulikwenda kwenye zahanati yake, mimi na mume wangu. Wifi alitupokea vizuri, akatuuliza habari za watoto mmoja mmoja, akatutembeza. Chumba cha kujifungulia kilikuwa kimedekiwa mpaka kinang'aa. Mume wangu akaomba kufungua friji. Vichupa vilijaa mpaka kwenye rafu za mlangoni, vimepangwa kwa tarehe kama wifi alivyozoea siku zote. Rafu ya chini yote ilikuwa imeshapitwa na muda.

"Dada," alisema taratibu, "unatumia vingapi?"

"Kumi."

"Na hivi vingine?"

Wifi hakukasirika. Alimwekea mkono begani, nadhani kama alivyokuwa akimwekea alipokuwa mdogo.

"Hivi ni vya siku mtakayoibadilisha kanuni tena," alisema.

Mume wangu aliendelea kushikilia mlango wa friji, na baridi ikawa inatoka. Wifi akausukuma taratibu ukafungika, kisha akatuambia twende tukakae, kuna mama anasubiri kupimwa.