Mapigo Manane ya Banana

Kwa miaka mingi mzee Mathe hakuwahi kula maharagi ya moto saa sita mchana. Mkewe Virginie alipokuwa akipakua tu, mzee aliinuka akaenda uani, ambako jante, ringi ya chuma ya gurudumu la lori, ilining'inia kwenye mkaratusi. Alitazama saa yake ya mkono, akashika nondo, akagonga mara nane. Aligonga mbili-mbili: mbili, akapumua, mbili, akapumua, hata zikatimia. Kisha alibaki amesimama pale, akiangalia njia inayopanda kutoka sokoni. Aliporudi mezani mafuta yalikuwa yameanza kuganda pembeni mwa sahani.

"Leo tena mugeni hakuya?" Virginie alimchokoza.

"Hakuya."

"Basi kula, papa wa bahari. Maharagi yako njo imekuwa barafu."

Virginie alisema hivyo kila siku, na wala hakujua huyo mgeni ni nani.

Butembo ni mji wa vilima. Bahari iko mbali mno, na watu wa mtaa ule walipomsikia Mathe akiitaja walitikisa kichwa kwa adabu. Wao walimjua kama mchongaji wa mipini ya majembe, mtu wa Musienene kwa kuzaliwa, mpole, mwenye mkono mzuri. Lakini ujana wake aliuacha Banana, pale mto Kongo unapomwagika baharini.

Alifika pande hizo akiwa mpishi wa Mbelgiji mmoja wa mambo ya kilimo. Bwana huyo alipohamishiwa Boma alimchukua, kisha akarudi kwao Ulaya, na Mathe akabaki peke yake katika nchi ambayo hakujua hata kusalimia. Mtu akamwelekeza Banana. Huko Wabelgiji walikuwa na kambi ya manowari, juu ya ulimi mwembamba wa mchanga, mto upande huu, bahari upande ule. Meli zilikuwa za kijivu. Mabaharia walivaa nguo nyeupe ambazo hazikukaa nyeupe hata nusu siku. Chumvi ilikula kila chuma, kwa hiyo watu walikwangua na kupaka rangi toka Januari mpaka Desemba. Mathe alipenda kusema kwamba katika miaka yake sita pale aliona vita vimoja tu, vita na kutu, na kutu ndiyo iliyoshinda.

Yeye walimpa kengele ya getini. Kila nusu saa aligonga. Pigo moja kwa nusu saa ya kwanza, mawili kwa ya pili, yakiongezeka hivyo mpaka manane, na hapo zamu ilikuwa imekwisha. Sheria ilikuwa moja na hakuna aliyeichezea: mwenye kengele haondoki mpaka mwenzake afike, asimame mbele yake na kusema, "Napokea." Hata mvua inyeshe. Hata awe na homa.

Ukaja uhuru, na Julai ile mizinga ikasikika upande wa Matadi. Wabelgiji walipanda meli wakaondoka, wakaacha vitanda vimetandikwa na kopo la rangi wazi na brashi ndani. Baadaye kambi ilipata wenyewe wengine, lakini hayo Mathe aliyasikia tu. Siku aliyoijua yeye ilikuwa ile ambayo saa sita aligonga nane, na mwenzake, kijana wa Boma, hakutokea. Alingoja mpaka jua likaegemea. Akaweka nyundo chini, akaenda zake. Safari ya kurudi kwao ilimchukua miezi minne. Hakuiba kitu, hakumkosea mtu, ila aliondoka bila kupokelewa, na jambo hilo lilikaa ndani yake kama mwiba mdogo ambao hauumi isipokuwa ukiguswa.

Jante alipewa na Issaka, msafirishaji wa Beni aliyehamia mtaani, Mwislamu mcheshi mwenye lori moja na maneno mengi. Mathe aliigonga saa sita mchana tu, na watu wakaizoea. Wanawake walitia muhogo majini kwa pigo la nne. Dereva wa Issaka aliondoka kwa la sita.

Mwaka 2001 mji ulikuwa mikononi mwa waasi, na waasi nao walikuwa wamegawanyika. Watu wa Vuhovi, nje ya mji, walianza kufika wakikimbia vita, magodoro vichwani, wakalala kwa ndugu, kwa marafiki, jikoni kwa watu wasiowajua. Adèle alifika jioni ya Jumatano na watoto wawili. Alhamisi saa sita alikuwa amepiga magoti mbele ya moto wa wenyewe, anachochea kuni, jante ikalia.

Kule kwao chuma kilipolia ilikuwa kukimbia. Alibeba mtoto mdogo, akamvuta mkubwa, akatoka. Wageni wengine wa Vuhovi walimwona wakatoka nao. Wenyeji waliwaona wageni, wakafunga milango. Na Mathe, amesimama chini ya mkaratusi wake, aliona watu wanapita mbio na vyombo mikononi. Moja kwa moja akajua adui amefika. Akafanya alichoona ni wajibu wake: akashika nondo tena, akaipiga jante bila hesabu, kwa nguvu zake zote.

Hapo kilima kizima kilihama.

Katika msitu wa mikaratusi nyuma ya mtaa watu walijibana mamia kwa mamia, wakihema. Issaka alikuwa na kiatu kimoja mguuni na kingine mkononi.

"Bako wapi?" alinong'ona.

"Ba nani?" aliuliza Virginie.

"Maadui, benye banakuya!"

"Mi sikuona mutu. Niliona weye unakimbia, njo na mi nikakimbia."

"Mais mi nilisikia jante!"

Vichwa vyote vikamgeukia Mathe.

"Papa Mathe, weye uliona nani?"

"Niliona ninyi," alisema Mathe polepole. "Mulikuwa munakimbia. Njo nikagonga nguvu, batu bajue."

Kisha mama mmoja akacheka, akashindwa kujizuia, na kicheko kikasambaa. "Donc tulikuwa tunajikimbia sisi benyewe!" alisema Issaka, akavaa kiatu chake.

Lakini Adèle hakucheka. Walimkuta kwenye mfereji njiani, mguu umevimba, watoto wanalia juu yake.

Syauswa, shefu wa mtaa, mtu wa haki lakini mwenye kuchoka, alikuja jioni ile ile akaifungua jante mtini kwa mikono yake aipeleke ofisini kwake.

"Muzee, hii italala ku bureau yangu. Siku ya Mungu, kisha misa, batu batasema kama inarudi ao hapana."

"Ndiyo, shefu."

"Hapana kasirika."

"Sikasiriki," alisema Mathe, na alitazama kamba inavyobembea bila kitu.

Virginie alimchukua Adèle nyumbani. "Bwana yangu njo alikuangusha," alimwambia, "donc utaponea kwangu." Alimkanda mguu kwa maji ya moto na majani. Mathe alimchongea fimbo kwa mpini mzuri kuliko yote aliyokuwa nayo, akailainisha kwa kipande cha chupa mpaka ikang'aa.

Siku zikapita bila sauti. Mathe alichonga, akakosea, akachonga tena. Saa sita ya Jumamosi aliinuka kwa mazoea, akaenda mpaka mtini, akasimama. Adèle alikuwa kizingitini akimenya maharagi mabichi.

"Tata," aliuliza, akimwita baba kwa lugha ya kwao, "pale unangojaka nani?"

Hakuna aliyewahi kumwuliza bila kucheka. Mathe alikuja akaketi kwenye kigogo chake, akamweleza: ulimi wa mchanga, chumvi, kijana wa Boma ambaye hakutokea. Virginie, aliyekuwa anatoka jikoni na mwiko, alisimama pale pale. Alikuwa amezisikia meli na kutu mara elfu. Hilo la mwisho hakuwahi kulisikia.

"Kumbe njo ule mugeni," alisema kwa sauti ndogo.

Adèle alichukua kijiko na kopo la bati. "Nionyeshe."

Mathe akamwonyesha. Mara ya kwanza Adèle aliharakisha, mara ya pili akapoteza hesabu, watoto wake wakamcheka. Mara ya tano akaweza, nane, mbili-mbili, na pumzi katikati. Akabaki ameshika kijiko, akifikiri.

"Tata, mutu mwenye anaogopa hapana weza kugonga hivi. Mukono yake itakataa."

Jumapili walikutana mbele ya nyumba ya shefu. Mmoja alisema jante itupwe, masikio ya watu yalishachoka. Mwingine alisema mzee aachwe, amewatunzia saa kwa muda mrefu. Issaka alisema yeye kuitwa kuomba mara tano kwa siku kunamtosha, papa Mathe anamzidi na imamu mwenyewe. Mathe alikuwa ametia mikono katikati ya magoti kama mtu anayesikia baridi.

Adèle aliinuka kwa fimbo yake. "Mi njo nilikimbia wa kwanza, na mi njo niliumia. Munipe ile chuma."

Jante ikaletwa, ikaning'inizwa, akagonga nane kama alivyofundishwa. Watu walisikiliza, mabega yakashuka. Kisha, bila kuonya, akaipiga mfululizo. Nusu ya mkutano ilishtuka ikasimama, na Issaka mkono wake ulikwenda kwenye kiatu. Kicheko kikalipuka pale.

"Munaona?" alisema Adèle. "Mbili-mbili, tuko salama, tupike. Ikikimbia, na sisi tukimbie. Hata mutoto atajua. Kwetu, kama tungekuwa na chuma ya kusema tuko salama, tungelala usingizi kidogo."

Shefu Syauswa alijikuna kidevu. "Bon. Inarudi. Mais muzee hapana baki peke yake. Anahitaji mutu wa pili. Nani?"

Jumatatu jante ilikuwa mtini tena. Saa sita kasoro dakika chache Mathe alitoka na nondo, Virginie akaweka sufuria mezani. Njia ya kutoka sokoni ilikuwa tupu. Kisha Adèle, ambaye alikuwa amekwenda kununua chumvi, akaonekana akipanda, anachechemea, akitembea upesi kadiri mguu ulivyomruhusu. Mathe aligonga. Pigo la nane lilipokwisha, Adèle alikuwa amesimama mbele yake.

"Napokea, tata."

Mathe alimtazama, kisha akatazama nondo, akaipangusa kwenye suruali yake kabla ya kumpa.

"Wasingya," alimshukuru.

Akabaki kidogo, hajui mikono aiweke wapi. Mlangoni Virginie alikuwa anamtazama na hakutania. Mathe akaingia, akavuta kiti, akatia kijiko mdomoni, akakitoa haraka.

"Inachoma!" alisema.

"Puliza," alisema Virginie, akamwongezea.