Klachi ya Kumpandisha Mama

Julai 1993 tulimpoteza mama. Alifia hospitalini mjini Moshi siku ya Jumatano, na mazishi yakapangwa Jumamosi, kihambani kwetu, shamba la ukoo Marangu, kati ya migomba yake. Mtu wa kwetu hazikwi mjini. Baba alisema mama atapanda nyumbani kwa pikapu yetu, ile waliyoinunua wote wawili kwa hela ya kahawa, si kwa gari la kukodi. Lakini pikapu ilikuwa imetukwamia pale pale hospitalini, klachi imekwisha, na mlima ule haupandwi bila klachi.

Mimi na baba mdogo tulitafuta watu wa kutusaidia kuisukuma hadi gereji bubu moja Majengo. Ilikuwa miaka ya ruksa, biashara zimefunguliwa, spea za kila namna zimejaa madukani, na kila aliyeshika spana alijiita fundi. Huyu wetu alikuwa na sauti laini na rozari shingoni juu ya ovaroli. Alitaja bei ya klachi mpya na kazi yake. Ilikuwa bei ya haki. Nilikuwa nimeuliza madukani asubuhi hiyo. Tukakubaliana, akashusha gia boksi.

Ndipo baba mdogo akafanya kosa la watu wa kwetu. Kwetu kumficha mtu msiba ni kumdharau, kwa hiyo alimweleza fundi kila kitu: nani amefariki, anazikwa lini, na kwamba gari hili ndilo litakalombeba. Fundi alivua kofia. Akatoa pole ndefu, akauliza marehemu ameacha watoto wangapi. Naamini wakati huo alikuwa anapiga hesabu. Pole ilipokwisha akaingia tena chini ya gari, akatoka na habari kwamba kuna vitu vingine vimekufa, klachi nayo imepanda bei, na jumla sasa ni mara mbili ya tulivyokubaliana, tena hela itangulie. Hivyo vilivyokufa hakutuonyesha hata kimoja. Gia boksi ilikuwa imelala chini, naye alijua hatuna pa kwenda.

Nilianza kubishana. Baba mdogo akanishika mkono.

"Mama yako hapatanwi bei kama mbuzi wa sokoni," alisema. "Mlipe."

Wazee wetu ndivyo walivyo. Kitu cha kumzikia mtu, iwe jeneza au sanda, hawaombi kipunguzwe. Fundi alikuwa mtu wa mlimani kama sisi, amelijua hilo tangu utoto. Alipokea hela kwa mikono miwili, kichwa kimeinama. Niliwahi kuibiwa na kibaka stendi, na yule kibaka namheshimu zaidi. Yeye angalau alikimbia.

Klachi yenyewe niliiona kabla hajaifunga. Ilikuwa kuukuu iliyopigwa msasa, na kwenye kingo zake bado palikuwa na tope la gari jingine. Nilimwonyesha baba mdogo, akatazama pembeni.

Jumamosi fundi alikuja mochwari amevaa suti. Alisema hawezi kuacha kumsindikiza mama, akapanda nyuma na waombolezaji, bure. Barabara ilipoanza kupanda mlima tukasikia harufu ya klachi inayoungua. Injini ilinguruma, gari halikwenda. Fundi akawaeleza watu kwa upole kwamba kitu kipya kina ugumu wake, bado kinazoea. Wanaume wakashuka na suti zao, wakamsukuma mama mlimani, na jeneza likiyumba. Yeye alitembea pembeni, kiganja kimoja kwenye bodi, kama padri anayebariki. Tulimzika jua likiwa linazama.

Baada ya mazishi watu walikaa kula, na sinia la rambirambi likawekwa mezani. Fundi alisimama, akatoa noti mfukoni, akaziweka pale taratibu ili zionekane. Wazee wakamshukuru. Mmoja akasema mafundi wenye utu kama huyu wamebaki wachache.

Niliinuka, nikazichukua zile noti kwenye sinia, nikamtilia fundi katika mfuko wa shati.

"Hizi ni hela zetu, si rambirambi yako," nikamwambia.

Baba mdogo aliniambia kwa sauti ya chini nikae, watu wanatazama. Fundi alifunga kifungo cha mfuko, akanyoosha sahani yake aongezewe machalari, zile ndizi za nyama.