Askofu Aliyewekwa Bila Kutazama

Msimamizi wa walinzi wa ghorofa moja refu la West Bay, huku ughaibuni Uarabuni, alikuwa na mwanzo mmoja tu wa sataranji, alioutoa kwenye video za simu: askari wa mbele ya malkia hatua mbili, askofu atoke, farasi afuate. Aliukariri kama mtu akaririvyo namba ya siri ya benki, na aliuelewa kiasi hichohicho.

Kila Ijumaa, nyuma ya mgahawa mmoja wa mtaa wa Najma, niliwafundisha wanaoanza: madereva, wahudumu wa hoteli, akina dada wa kazi za nyumbani walipopata ruhusa. Yule msimamizi akaja akasema ninawachelewesha kwa maswali.

"Mwalimu, watu wamechoka na kazi. Wape hatua, wakariri, khalas, imeisha."

Tukakubaliana: atakayemshinda mwenzake kwenye mashindano yetu ndiye atakayebaki na darasa.

Alipata kete nyeupe. Askari wake akaenda hatua mbili. Nami nikamsogeza askari wa mbele ya mfalme wangu hatua mbili, nikamwacha aliwe bure. Twende polepole hapa: askari hula kwa mshazari. Wangu sasa alikitazama kile chumba ambacho askofu wake huenda kukaa kila mchezo. Aliyejifunza jana angeona. Yeye alikuwa anawapungia watu wa meza ya pili. Mkono wake ukamchukua askofu, ukamweka palepale, ukamwachia.

Nikamla.

"Ngoja. Hapo hukutakiwa kucheza hivyo."

"Nilitakiwa na nani, bosi?"

Akanyoosha mkono amrudishe. Dada mmoja Mganda, mwanafunzi wangu, akacheka hadi akashikilia meza.

"Bosi, umegusa, umeachia! Au geti lenu pale West Bay mnafungua tu bila kutazama anayeingia?"

Nilidhani sasa atafikiri. Hakufikiri. Aliendelea na hatua zilezile, kwa mpangilio uleule, kama mtu anayeezeka nyumba ambayo ukuta wake umeshaanguka, mpaka mfalme wake akakosa pa kwenda.

Akasimama, akatangaza kwamba ile hatua yangu ya kwanza ilikuwa mbovu. Ni kweli, tena mbovu sana, na Ijumaa iliyofuata nilianza somo kwa kukiri hivyo: mpinzani mwenye macho angemla yule askari na kunishukuru.

"Sasa kwa nini yeye hakumla?" nikawauliza.

Yule dada alinyoosha mkono kabla sijamaliza swali.