Safari ya Bahari Aliyotupa Lemayian

Enzi zetu hapa Kitengela, mtoto kuona bahari ilikuwa kama kwenda mwezini. Siku hizi wanapanda treni asubuhi, jioni wako Diani wanapiga picha za miguu yao kwenye mchanga, mawimbi hawayaangalii. Sisi tulipelekwa mara moja tu.

Aliyetupangia safari ni Lemayian, baba yangu mdogo. Namtaja kwa jina, hata yeye hajawahi kukana. Boma lilikuwa la ndugu wawili, yeye na baba. Asubuhi moja akaja na rafiki yake Kasaine, mwenye pikapu, akamwambia baba: "Ndugu yangu, peleka watoto waone dunia. Boma niachie mimi." Ng'ombe alikuwa ameshawasukuma Isinya kwa shemeji yake, ati huko kuna nyasi.

Tukarundikana nyuma, Yeyo, ndiye mama yangu, amekumbatia kibuyu cha maziwa. Kasaine hakuwa na haraka hata kidogo. Emali, machungwa. Mtito, tusimame tuone ndovu wekundu kama udongo. Voi tukalala. Kesho yake vilima vya Taita vimejifunika ukungu, mkonge umejipanga mistari mpaka macho yanachoka. "Angalieni! Angalieni!" Kasaine akawa anatuita. Baba akasema, "Huyu anaonyesha milima kama anaiuza." Tukacheka sana.

Baharini Yeyo hakushangaa mawimbi. Alichota maji, akaonja, akatema, akafurahi. "Chumvi ya bure! Ng'ombe watalamba." Akajaza jerikeni. Vijana wa pale wakamcheka, "Mama, unahama na bahari?"

"Nyinyi mnakaa nayo na hamna hata ndama," akawajibu.

Tuliporudi, waya mpya ulikuwa umekata malisho katikati, na kisima kimebaki ng'ambo. Lemayian alikuwa amewaonyesha wanunuzi nyumba zisizo na moshi na zizi lisilo na ng'ombe. Akawaambia ndugu yake amehamia Rombo na watoto wake wote, hapa hataki tena. Nani angebisha? Ndiyo maana Kasaine alisimama kila mahali.

Baba hakumpiga mtu. Alishika ule waya akasema, "Kumbe sisi tulikuwa tunaangalia milima." Ng'ombe wakarudi, Yeyo akawanyunyizia yale maji yake ya bahari kwenye nyasi. Wakalamba, kiu ikawashika, wakasimama kwa waya wakilia wakitazama kisima.

Juzijuzi mtoto wa Lemayian alikuja na gari kubwa. "Kaka, beba familia yote twende Mombasa. Nimelipa kila kitu, wewe ni kukaa tu!" Pengine ni roho safi. Sijui. Nilimwangalia mikono, nikamwangalia macho, nikaruhusu mke wangu na watoto.

Zamani ulifunga boma kwa miiba ukaenda, jirani akakulindia. Sasa robo ekari niko nayo hii tu. Wamerudi wamefurahi, wamechomwa na jua. Mimi siku zote hizo nilikuwa hapa, nawasha moto hata chai ikiwa imeshaiva, moshi uonekane mpaka barabarani.