Kadi ya Mtarizi wa Munje

Mama mmoja wa Munje, anayetarizi sare za wahudumu wa hoteli, aliniita mimi, fundi wa kompyuta, kwa sababu kompyuta yake kuukuu ilikuwa haiendeshi tena mashine ya kutarizi. Nilitoka Ukunda na kompyuta mpya, nikiwa na hakika kazi ingekwisha upesi.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Karibu."

Niliifungua ile kuukuu, nikachomoa kadi iliyoiunganisha na mashine. Ilikuwa kadi ya ISA, aina iliyoachwa kutengenezwa zamani. Kompyuta yangu mpya haikuwa na mwanya wa kuipokea. Niliona haya, nikamwambia labda anunue mashine nyingine.

"Hebu niione," alisema, akaigeuza mkononi. "Haya meno yake ya ukingoni yameshika kutu. Ni hii hewa ya chumvi, hata sindano zangu huwa hivi."

Alichukua raba ya kufutia ya mjukuu wake, akayasugua meno yale taratibu mpaka yakang'aa. Niliirudisha kadi kwenye kompyuta kuukuu, nikaiwasha. Mashine ikaanza kutarizi.

Nilimwomba radhi. Alicheka, akanimiminia chai, nami nikanywa huku nikitazama jina la hoteli likijitokeza herufi moja moja kwenye shati.